Mama Aliuliza Mara Tatu

Chiku alifika matanga ya mama yakiwa karibu kuanuliwa. Majirani walikuwa wameshaanza kurudi kwenye palizi, na waliobaki ni wale ambao hukaa msibani mpaka chakula kiishe. Sikumtambua. Niliona kikongwe amesimama karibu na mafiga, amejitanda kaniki, mguu mmoja umevimba, nikadhani ni mmoja wa ndugu wa mama wa kule Mlali, wale ambao huonekana mtu akishakufa. Aliponiita wifi ndipo nikakaa chini. Mume wangu Malogo alikuwa na dada mmoja tu, na Malogo amelala kaburini tangu enzi za Mjerumani. Nilimpa uji wa uwele, akaunywa wote polepole huku akitazama mlango wa chumba ambamo mama alifia. Alipomaliza alifuta kinywa kwa kiganja, akanisogelea kama mtu anayetaka kuazima chumvi.

"Wifi," alisema, "mama yako sasa hasikii. Nilikuwa namngoja aondoke ndipo nikuulize. Siku ile kaka yangu hakusema neno?"

Nilimwambia angoje nitazame moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Nilisimama pale na kijinga mkononi, mwanamke mzima mwenye mvi, ninayejua kusoma na kuandika tangu misheni iliponifundisha ukubwani, na nilikuwa namgeuzia mgongo mtu aliyetembea na mguu ule kutoka Chamwino. Nilimjibu jambo fulani la juu juu, kwamba mambo yalikwenda haraka. Haikuwa kweli, na nadhani alijua. Alilala kwangu, asubuhi akaondoka bila kurudia swali. Basi ninauandika mwaka ule hapa, si kwa kutaka kuupamba wala kumlaumu mtu. Habari za ukoo wetu sitazieleza, hazisaidii kitu. Nitaanza na nyumba, kwa sababu bila nyumba ile mtu hawezi kuelewa.

Nyumba ya mama ilikuwa tembe, mwendo mfupi kutoka Ihumwa ilipopita reli. Vijana wa sasa wanaojenga kwa tofali za kuchoma na madirisha ya vioo hawajui tembe ilivyokuwa. Kuta fupi za udongo, dari ya magogo iliyotandikwa udongo mpaka mtu anaweza kuanika maboga juu yake, vyumba virefu vimezunguka ua wa ng'ombe, na milango yote inatazama uani. Dirisha hakuna. Mchana wa kwetu una mwanga unaoumiza macho, na ndani ya tembe ni giza kama ndani ya mtungi. Ukiingia kutoka juani unakuwa kipofu, unapapasa ukuta mpaka macho yazoee. Na wewe uliye ndani humwoni vizuri anayeingia. Unaona umbo jeusi limeziba mwanga, halina uso, halina umri, huwezi kujua kama ni shangazi yako au mtu wa kuja kukuua. Ndiyo maana kwetu mtu hujitaja akiwa mlangoni. Husema jina lake, la baba yake, na anakotoka, hata kama jana yake alikula hapo hapo. Tulilijua hilo tangu utotoni, na hakuna aliyetufundisha.

Mwaka ule ulianza na harusi yangu. Malogo alikuwa kijana mrefu wa Chamwino, mwenye kucheka kwa urahisi, na sauti nene iliyonishangaza mara ya kwanza kwa jinsi isivyolingana na wembamba wake. Mama hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Kwa upande wetu mkwe wa kiume hazungumzi mbele ya mama wa mke wake mpaka atoe kondoo wa kinywa. Akikutana naye njiani huingia porini, hata kama ni kwenye miiba. Akimkuta mahali pasipo na njia ya kutokea, hufunika uso, hugeukia pembeni, hukaa kimya mpaka mama apite. Akija nyumbani kwao hasogei mlangoni. Husimama nje ya boma la ng'ombe mpaka mtoto amwone aende kusema, mkwe wako yupo. Siyo woga huo, wala siyo chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, na Malogo, ambaye kwa mambo mengine alikuwa mtu wa masihara, kwa hilo hakuwa na masihara hata kidogo. Mama alimpenda kwa ajili hiyo. Nikienda kumsalimu alikuwa ananitania: huyo mume wako ana sauti kweli, au mmenioza bubu? Nami nilikuwa nainenesha sauti yangu kumwigiza, na mama alicheka mpaka unga ukamwagika kwenye ungo. Kisha alisema angoje tu, kondoo akija atamkalisha amsimulie habari mpaka koo likauke.

Kondoo alikuwepo. Malogo alimlea mwenyewe, mwenye kichwa cheusi na mkia mnene, na tulikuwa tumekubaliana apelekwe baada ya mavuno. Lakini kabla ya mavuno vita ya Mjerumani na Mwingereza ikatufikia. Kwanza ilikuwa habari za watu wa reli tu, kwamba magari ya moshi yanapita yamejaa askari. Kisha wakaja akida na askari wa boma la serikali kuchukua nafaka na mifugo, na kondoo wa kinywa akaenda pamoja na mbuzi na mitamba. Nakumbuka Malogo alivyojaribu kumweleza askari, mtu wa pwani, kwamba huyu kondoo si mali ya kula, ana kazi yake. Askari alicheka, akasema na yeye kazi yake ni kula. Usiku... la, haikuwa usiku, ilikuwa jioni ile ile tukiwa tunakula ugali mkavu, Malogo alisema atatafuta mwingine, hata kama ni wa kuazima. Sikuwahi kumwona amefadhaika vile kwa ajili ya mnyama. Mwezi ulikuwa haujaisha walipokuja tena, safari hii kutafuta migongo ya kubebea mizigo, wakamfunga Malogo kamba pamoja na vijana wengine, wakaenda nao njia ya Kondoa. Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Aliniambia nikajifungulie kwa mama, kama desturi ilivyo kwa mtoto wa kwanza, naye akitoroka atakuja huko moja kwa moja. Nilimwambia asitoroke, watampiga risasi.

Kwa mama nilikuta nyumba imeshapungua watu. Ng'ombe walikuwa wamebaki wachache, na ua ulionuka maziwa siku zote sasa ulinuka vumbi. Tulikula ugali wa mtama na mlenda usio na chumvi, mara moja kwa siku, katika chumba cha mbele, baba akiwa amekaa kwenye kigoda na mama na mimi sakafuni. Juu ya mlango wa chumba cha ndani, kwenye kigingi, lilining'inia gobore la baba. Alilipata ujanani alipokuwa mlinzi wa misafara, na boma lilimwachia kwa ajili ya nguruwe wa mashambani. Sikuwahi kuona mwanamke akiligusa. Halafu ikaja zamu ya baba. Walimtaka akaswage ng'ombe wa serikali kufuata jeshi, kwa sababu alijua njia na visima. Hakufungwa kamba, alipewa siku ya kujiandaa, na siku hiyo aliitumia yote kumfundisha mama bunduki. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo na tumbo langu, nachambua mlenda, nasikiliza.

Mama alianza kwa kumkatalia. Alimuuliza tangu lini yeye akashika mdeki wa kushindilia bunduki badala ya mwiko. Baba hakutaka utani. Alimwonyesha kiasi cha baruti, kitambaa cha kushindilia, vipande vya chuma, fataki inavyokaa. Alimfanya arudie mpaka mikono yake ikazoea. Kisha alimkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akitazama mlango, akamwambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani maisha yangu yote, nikitafuta yalipokosea.

"Usipige kivuli," baba alisema. "Mtu akisimama hapo hutamwona uso, kwa hiyo muulize. Muulize ni nani, mara tatu, taratibu, apate nafasi ya kutaja jina. Mtu mwema ana jina. Asiyejibu hata mara ya tatu, huyo hakuja kwa wema."

Mpaka leo sijasikia maneno ya busara kuliko hayo kuhusu bunduki. Baadaye nimeona watu wa kila namna wenye silaha, walinzi wa mashamba ya mkonge, wazungu waoga, vijana waliorudi kutoka vita ya pili, na wengi wao wanapiga kwanza kisha wanauliza. Baba alikuwa mtu mwangalifu. Alijua giza la nyumba yake, alijua kwamba macho hayatoshi, akaweka sikio mahali pa jicho. Hakuna hata mmoja wetu pale, baba, mama wala mimi niliyeolewa na Malogo, aliyekumbuka kwamba yupo mtu mmoja duniani ambaye sauti ya mama ndiyo hasa ingemfunga mdomo. Nasema hakuna aliyekumbuka, lakini hata kukumbuka si neno lenyewe. Heshima ile tuliijua kama tunavyojua kupumua, na bunduki tuliijua siku ile tu. Vitu hivyo viwili havikuwa vimekutana katika akili ya mtu yeyote.

Baba alipoondoka tulibaki wanawake wawili na ng'ombe ambao mtoto wa jirani aliwapeleka malishoni pamoja na wa kwao. Hofu iliingia polepole. Watoro wa jeshi na wa mizigo walikuwa wanashuka kutoka barabara ya Kondoa wakiwa na njaa, wengine wamevaa makoti ya askari waliokufa. Hawakuja usiku kama wezi wa ng'ombe wa zamani. Usiku tembe imefungwa na watu wote wamo ndani. Walikuja mchana, watu wakiwa mashambani, wakaingia na kumaliza nafaka. Kisimani tulimkuta Mama Ndahani, jirani yetu, mkono umefungwa kwa vijiti. Alisimulia akiwa amekaa juu ya mtungi wake, na wanawake wakaacha kuteka maji. Alisema alikuwa ndani anasaga, akaona mwanga umezibwa. Akasema nani? Kimya. Akarudia. Kimya, na lile umbo halitikisiki. Alipouliza tena waliingia wawili, wakamvunja mkono kwa mchi wake mwenyewe, wakabeba kilindo kizima cha mtama, lile pipa la magome la kuwekea nafaka. Kilichomtisha kuliko kipigo, alisema, ni kile kimya. Mtu anayekuja kuomba husema. Hata mwehu husema. Tulipofika nyumbani mama alishusha gobore kwenye kigingi, akalishindilia, akaliegemeza karibu na jiwe la kusagia, na tangu siku hiyo halikurudi juu.

Mtoto alizaliwa wakati wa joto kali, kabla ya mvua. Wa kiume. Mama alinizalisha peke yake, akanikalisha chumba cha ndani kwenye ngozi ya ng'ombe, akaniletea uji wenye samli aliyoificha sijui wapi. Sikuruhusiwa kutoka mpaka kitovu kikauke. Nikiwa humo niliisikia nyumba kuliko kuiona: jiwe la kusagia likienda na kurudi, kuku, mama akiongea na mjukuu wake kupitia ukutani kama mtu mzima mwenzake. Aliniambia Malogo akirudi, kondoo au bila kondoo, atamfungua kinywa mwenyewe, maana serikali iliyomla kondoo ndiyo iliyolipa. Tulicheka kidogo. Nilifurahi sana kwa maneno hayo, nikapanga jinsi nitakavyomwambia.

Siku yenyewe, kwa kawaida mama angeshinda kisimani, foleni ilikuwa ndefu mwaka ule, na kila mtu wa karibu alijua kwamba adhuhuri nyumba za huku hubaki na wagonjwa na wanawake waliojifungua tu. Lakini kisima kilikuwa kimechafuka, alirudi mapema na mtungi mtupu, akakaa kusaga. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Nilisikia jiwe limesimama. Kisha nikasikia mama anasema, "Nani?" kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilimzuia mtoto asilie. "Nani wewe?" Alisema mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi, na nikasikia kigoda kinasogea. Nilimkumbuka Mama Ndahani na mkono wake. Nilifikiri: ni wao, wamefika. Nilimfunika mtoto na mwili wangu. Mara ya tatu mama aliuliza taratibu, kama alivyofundishwa, na aliacha nafasi. Naikumbuka nafasi hiyo. Ilitosha mtu kutaja jina lake, la baba yake na kijiji chake. Halafu ukaja mlio, moshi ukajaa mpaka chumba changu, na mtoto akaanza kupiga kelele.

Nilipotoka nikishika ukuta, mama alikuwa amesimama, gobore liko sakafuni. Aliniambia, "Hakujibu." Mlangoni alikuwa amelala mtu mwenye koti la kaki lililochanika, kichwa kimenyolewa kwa sababu ya chawa, miguu imepasuka, amekonda mpaka mabega yametoka. Nami ambaye nimelala naye tangu harusi mpaka alipochukuliwa nisingemjua. Lakini alikuwa ameuvuta ukosi wa koti juu ya uso kwa mikono miwili, na mwili wote ameugeuzia nguzo ya mlango. Mama alitazama mikono ile. Alikuwa bado hajasogea, na nilimwona anaelewa. Mwizi hajifuniki uso akageukia ukuta na kusubiri. Malogo aliingia akitarajia kunikuta mimi peke yangu, akiwa kipofu wa jua, akasikia sauti ya mama mkwe wake kutoka gizani asijue yuko upande gani, na akafanya lile ambalo kijana aliyelelewa vizuri hufanya. Alipoulizwa mara ya pili alijifunika zaidi. Mara ya tatu, nadhani, alikuwa bado anangoja mama apite.

Hakufa pale pale. Hilo ndilo ambalo sikuweza kumwambia Chiku. Tulimburuta ndani tukamlaza kwenye ngozi yangu, vyuma vilikuwa vimeingia ubavuni na tumboni, na aliishi mpaka jua lilipopungua ukali. Alikuwa na akili zake. Alinitazama, akanijua. Nilimwekea mtoto ubavuni, akamshika mguu, akaukunja kwenye kiganja chake. Midomo yake ilisogea, nami nikainama. Lakini mama alikuwa amekaa kichwani pake, amekishika kichwa kile mapajani, jambo ambalo sikuwahi kuona mama mkwe akimfanyia mkwe, na alikuwa anamsihi bila kupumzika. Alimwambia, "Mwanangu, nimekufungua kinywa. Sitaki kondoo. Sema neno, hata nitukane." Malogo alisikia sauti hiyo, akafumba midomo, akageuza uso upande wa ukuta.

Nilimwambia mama atoke. Nilimwambia kwa upole, halafu kwa ukali, halafu nilimvuta mkono, nikiwa mzazi mbichi nisiye na nguvu. Aliniangalia kama hanijui. Alisema haondoki mpaka kijana huyu amwambie neno. Nilimweleza kwamba hatasema kamwe yeye akiwepo, atasema na mimi, nipe mume wangu kidogo tu, nenda hata uani. Hakwenda. Alitaka msamaha, na aliamini kwamba akitoka nje utamkosa. Nami nilitaka sauti ile nene, japo ya kuniambia ana njaa, au jina la kumpa mtoto. Tuliendelea hivyo mchana wote, wanawake wawili tunamgombania mtu anayekufa, na yeye katikati akimstahi mama yangu mpaka pumzi ya mwisho. Mara moja tu alinitazama tena, midomo ikafunguka, kisha macho yakashuka kwenye magoti ya mama yaliyokuwa chini ya kichwa chake, na ikafunga. Kwa hiyo jibu ni hilo, Chiku. Hakusema neno. Alikuwa nalo.

Kwa risasi sikuwahi kumchukia mama. Kwa ule mchana nilimchukia miaka mingi, nikiwa naishi naye, nampikia, namwogesha uzeeni. Wakati mwingine nilikuwa namtazama akila na kujiuliza kama anajua alichoninyima. Nadhani alijua.

Wazee wa Chamwino walikuja, wakakaa uani na wazee wetu, nami nikawasikiliza kutoka ndani. Nilitegemea ugomvi, hata nilitamani uwepo. Hakukuwa na ugomvi. Waligeuza jambo huku na huku wakitafuta kosa la kulipiwa, wasilipate. Mmoja alisema kijana alifanya kama alivyofunzwa. Mwingine akasema mama naye aliuliza, na aliuliza zaidi ya wengi. Walikubaliana kwamba mtoto akiacha kunyonya ataenda kwa watu wa baba yake, kama ilivyo haki, na kweli alikwenda. Alikufa katika njaa iliyofuata vita. Chiku ndiye aliyemzika, mimi nilipata habari nyasi zikiwa zimeshaota juu ya kaburi.

Kisha alikuja askari wa boma. Tulidhani amekuja kwa ajili ya mauaji. Alikuja kwa sababu alisikia kuna mtoro wa mizigo ameuawa huku, akataka kuona koti. Alilipata, akalikunja vizuri, akamwambia mama kwa Kiswahili ambacho wakati ule tulikielewa kidogo tu, kwamba amefanya kazi ya serikali. Alimwachia kifuko cha chumvi. Mwaka ule chumvi haikupatikana kwa kitu chochote. Kilining'inia kwenye kigingi cha gobore, na tulikula mlenda mtupu huku tunakitazama. Mwishowe tuliila. Ninasema kwa sababu mtu anayesoma anaweza kudhani tuliitupa.

Baba alirudi Mwingereza alipokuwa ameshachukua Dodoma. Hakurudi na ng'ombe hata mmoja wala viatu. Habari alikuwa ameshapewa njiani, niliona hivyo kwa jinsi alivyopita mlangoni bila kutazama nguzo. Alikaa kwenye kigoda chake. Mama alimwekea maji ya kunawa, akamletea ugali mdogo na mlenda, akakaa mbele yake sakafuni. Alikula matonge machache, halafu akauliza bila kuinua macho.

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Mara tatu?"

"Mara tatu. Na nilingoja."

Baba alishusha pumzi. Nilimwona jinsi mabega yalivyolegea, kama mtu aliyebeba hofu hiyo kutoka Kondoa mpaka hapo na sasa ameitua. Alisema, "Basi hukukosa."

Mama aliinua macho akamtazama. Hakulia, hakupandisha sauti. "Ningekuwa nimekosa," alisema, "ningejua pa kuombea msamaha." Kisha alinyoosha mkono akachukua bakuli lililokuwa mbele ya baba, akatoka nalo uani kwenda kuliosha. Baba alikuwa bado hajashiba.